Sikukuu Nne Tukifuata Maji

Sikukuu mosi

Mume wangu aliwahi kufika Amboni, Tanga, kabla hatujaoana. Siku aliponihadithia yale maji moto ya kibiriti, yanayotoka ardhini yenyewe bila ya mtu kukoka moto, yananuka kama yai viza na bado watu wanayaoga kwa furaha, basi tena, sikumpa raha. Kila ikija likizo swali langu lilikuwa moja: utanipeleka lini? Safari hii tuliweka pesa kidogo kidogo tangu mfungo sita, na kumi la pili la Ramadhani paa la jikoni likaanza kuvuja. Nauli ya boti na pesa ya nyumba ya wageni zikageuka mabati na misumari.

Nilinuna siku mbili, nasema kweli. Usiku wa kuamkia sikukuu nilikuwa nachambua mchele wa biriani, naye akaja akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana kiti kilishikwa na sinia la vitunguu.

“Mama watoto,” akasema, “maji moto ya ardhini kisiwa chetu hiki cha Unguja hakina. Chini yetu kuna chokaa, matumbawe, mchanga na udongo, moto wa volkano haupo. Lakini wazee walikuwa na hamamu zao, nyumba za kuogea, na mito tunayo. Watoto watalala kwa bibi yao sikukuu zote nne. Twende mimi na wewe tuyafuate maji ya hapa hapa.”

Miaka tisa ya ndoa, watoto watatu, na safari zetu za wawili peke yetu zilikuwa za spitali na za mazikoni. Nikamwambia niko tayari kabla hajamaliza.

Kwa hiyo leo, baada ya swala ya Idi, biriani na kupokea wageni, watoto walipokwisha kukusanya mkono wa Idi na kwenda kwa bibi yao, tulitoka laasiri kwa miguu. Tulianzia Darajani. Kila siku napita hapo kununua samaki na mbatata, na jina la mahali nalitamka bila kulisikia. Daraja lilikuwepo kweli. Hapo palipita hori la bahari lililoitwa Pwani Ndogo, maji yakijaa na kupwa, upande mmoja Mji Mkongwe na upande wa pili Ng'ambo. Karne iliyopita hori likafukiwa kipande kwa kipande. Uwanja wa Mnazi Mmoja, tuliopanda pembea za sikukuu tukiwa watoto, ni mahali palipokuwa maji. Nimezaliwa Ng'ambo na nimekulia Ng'ambo, na mpaka leo sikuwahi kujiuliza: ng'ambo ya nini? Mume wangu akaanza kunihesabia majina mengine tukivuka barabara, Kisima Majongoo, Kijito Upele, Mtoni, Chemchem. Mji mzima umeitwa kwa maji.

Kutoka Darajani tukaingia vichochoroni mpaka Hamamni. Mlango ulikuwa umefungwa, ila mzee mmoja aliyekaa barazani mkabala akatuuliza tunatafuta nini, akamtuma kijana kufuata ufunguo. Hamamu hii aliijenga Sayyid Barghash, sultani aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, na fundi wake alikuwa Haji Gulamhussein, mtu wa Uajemi. Ilikuwa ya watu wote, si ya kasri, na iliendelea kutumika hadi 1920. Ndani mna ubaridi unaokushika shingoni mara unapovuka kizingiti. Vyumba vinafuatana, cha kuvulia nguo, cha kunyolea, cha maji baridi, cha maji moto, na sauti ndogo inazunguka juu kwenye dari na kurudi nzito. Nilisema “Bismillahi” kwa mnong'ono na nikaisikia mara mbili.

Birika ni kavu. Tone la maji hamna. Nilikaa kwenye ukingo wa jiwe uliolainika kwa miili ya watu ambao sote hatuwajui, nikapitisha kiganja juu yake, na mume wangu akakaa kando yangu akanyamaza. Tulikaa mpaka yule kijana alipogonga funguo kwa heshima, magharibi ilikuwa inakaribia.

Sikukuu pili

Vespa ya mume wangu ina umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Nimekaa upande, baibui nimelikusanya magotini, kikapu mapajani: chupa ya chai ya maziwa, mkate wa kumimina, vileja vilivyobaki jana, na kanga mbili. Tukashika njia ya Bububu, ile ya gari za abiria za namba 502, asubuhi kabla vijana wa sikukuu hawajaamka na muziki wao.

Maruhubi tuliipita tu. Kasri la Barghash la pale liliungua 1899 na zimebaki nguzo. Tukasimama Mtoni.

Kasri la Mtoni ndilo kongwe kuliko yote Unguja, na jina limetokana na mto wenyewe uliopita kando yake kwenda baharini. Hapo alizaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, baba yake Barghash, mwaka 1844. Siku hizi unaona kuta zilizobanduka lipu, matao, na nyuma yake bahari. Nilitaka kuuona mto kuliko kuta. Tukaufuata kwa miguu upande wa juu, na kwa kweli ni kijito cha kuruka kwa hatua mbili tatu, lakini masika yameanza na maji yalikuwa yanakwenda, yana rangi ya chai ya rangi, yanapita chini ya majimbi. Watoto wawili wenye nguo mpya za sikukuu walikuwa wamechutama wanasukuma kifuu cha nazi kama jahazi. Mmoja kanzu yake ilikwisha kulowa mpaka kiunoni. Nikamwambia, “Mwanangu, mama atakupiga.” Akanijibu kwa adabu kabisa, “Mama amelala.”

Bububu ni kwetu kwa upande wa mama. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitupeleka kufua kwenye maji yanayoteremka kutoka chemchem, na nguo tulizitandaza juu ya majani. Watu husema jina la Bububu limetokana na mlio wa gari moshi lililokuwa likitoka mjini kuja huku mwanzoni mwa karne ya 20. Bibi hakukubali. Yeye alisema ni maji yanapobubujika, na alikuwa akiinamia, anaweka mkono sikioni na kutuambia tusikilize: bu, bu, bu. Sijui kama ni kweli, ila nikisikia jina hilo ni sauti ya bibi ninayoisikia.

Maji haya haya ndiyo aliyoyavuta Sayyid Barghash mpaka mjini. Mwaka 1869 na 1870 Unguja ilipata kipindupindu kilichoua watu kwa maelfu, na 1872 kikaja kimbunga kilichong'oa mikarafuu. Kabla ya hapo watu wa mjini walikunywa maji ya visima, na visima vyenyewe vilikuwa karibu na vyoo. Barghash akajenga mfereji kutoka chemchem hizi, na maji safi yakafika mjini, watu wakayateka bure. Mpaka leo sisi bomba hatuliiti bomba, tunasema mfereji. “Mfereji unatoka?” “Mfereji umekatika.” Nilikuwa namweleza mume wangu haya huku nikijua anayajua, na akaniacha niseme, kwa sababu ya bibi.

Kazi ya chemchemi naipenda kwa usahili wake. Mvua inanyesha huko juu kwenye vilima, inapenya kwenye mchanga na mawe laini, inashuka taratibu mpaka inakuta udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Hapo hayawezi kushuka tena, basi yanatembea kwa upande na kutokeza ubavuni mwa kilima. Kwa hiyo maji unayoyateka leo huenda ni mvua iliyonyesha kitambo sana. Ukikata miti huko juu na kumwaga zege, mvua inakwenda moja kwa moja baharini kwa mtaro, na chini hakuna kinachoshuka. Msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa sababu hiyo hasa, na kila nikiona nyumba mpya zinavyousogelea moyo unanienda mbio.

Kutoka Bububu tukapinda kulia, tukapanda Kidichi.

Nimekuwa nikiisikia hamamu ya Kidichi tangu skuli ya msingi, wala sikuwahi kuikanyaga. Ni jengo dogo jeupe lenye makuba, limesimama juu ya kilima katikati ya minazi na mikarafuu, na ukigeuka nyuma unaiona bahari ya magharibi. Ilijengwa 1850. Sayyid Said alikuwa na mashamba yake huku, na alikuwa na mke wa Kiajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Husimuliwa kwamba bibi huyo alipenda kupanda farasi na kuwinda. Basi wakija shamba, vumbi na jasho la njiani liwatoke hapa.

Mlinzi, mtu mzima mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa vizuri kwa sikukuu, alitukatia kiingilio cha wenyeji akatupeleka. Chumba cha kwanza cha kuvulia nguo hakina makuu. Cha pili ndicho kilichonisimamisha. Kuta zake zimenakshiwa kwa chokaa iliyochongwa: mitende, maua, na tausi. Mafundi walikuwa Waajemi, na mkono wao unajulikana, kwani kwa desturi za hapa viumbe wenye roho hawachorwi ukutani. Unyevu umeipiga ile nakshi, pengine imekuwa ya kahawia, pengine kijani ya kuvu, na mahali mahali imedondoka ukaonekana udongo wa ndani. Nilisogeza uso karibu na tausi mmoja mpaka pumzi yangu ikarudi usoni. Mkia wake umekatwa kwa mistari midogo sambamba, kila unyoya kwa kisu, na chini ya shingo kuna alama ndogo ya duara nusu, kama ukucha. Nadhani ni kidole cha fundi. Alikibonyeza chokaa ikiwa mbichi, akaenda zake. Nikataka kuweka kidole changu hapo, nikajizuia.

“Usiguse, mama, mafuta ya mkono yanaila,” mlinzi akasema kwa upole, kama mtu anayezungumzia mgonjwa wake.

Katika kuba la chumba cha kuogea mna vidirisha vidogo vya mviringo. Zamani vilikuwa na vioo vya rangi, na jua likipita liliangusha rangi hizo juu ya kuta nyeupe na juu ya maji. Vioo havipo. Leo mwanga ulikuja mweupe, ukakaa sakafuni kama sarafu zilizomwagika. Mume wangu akasimama juu ya moja, nikamwambia asiondoke, nikampiga picha na kanzu yake, na ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizonazo tangu harusi.

Mlinzi alitueleza namna hamamu zinavyoendeshwa. Moto wa kuni hukokwa nje kwenye tanuri, anayekoka na anayeoga wasionane. Maji yanachemka pembeni na kuletwa ndani, mvuke unajaa chini ya kuba na kubaki humo, kwa sababu umbo la duara haliuachii pembe ya kupoea, na matone yanayojikusanya juu yanateleza kwenye mzingo hadi ukutani badala ya kukudondokea kichwani. Unaanza chumba cha baridi, unaingia cha vuguvugu, halafu cha joto, ili mwili usishtuke. Unakaa juu ya jiwe, unasuguliwa, unakandwa. Ukitoka unatoka kwa mwendo ule ule wa kurudi. Nikamuuliza, na mtumishi aliyekuwa akikoka moto huko nje, yeye alioga wapi? Akanitazama kidogo. “Mtoni, labda,” akasema. Shamba hili lilikuwa na watumwa, kama mashamba yote ya wakati ule, na mimi sikuweza tena kuwatazama wale tausi bila ya kumfikiria mtu aliyekuwa nyuma ya ukuta na mzigo wa kuni.

Tulikula vileja vyetu chini ya mkarafuu. Mume wangu akaokota jani la mdalasini akalivunja, akaniwekea puani. Hatukusema mengi.

Kizimbani ni karibu, nayo ina hamamu yake, isiyo na nakshi, imekaa peke yake shambani. Tuliiona kwa dakika kumi. Shamba la Kizimbani lilikuwa la Saleh bin Haramil, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuotesha karafuu hapa Unguja, kisha Sayyid Said akalichukua. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, tukanywa madafu mawili mawili, tukarudi mjini.

Sikukuu tatu

Leo tulikusudia mto mkubwa, na Unguja mto mkubwa ni Mwera. Mtu wa Rufiji akiuona atasema ni mtaro, na sitamlaumu. Sisi tunaupenda kama ulivyo.

Tuliiacha Vespa kwa muuza duka tukateremka bondeni. Masika ni wakati wa mpunga, na huko chini kila kijaruba kilikuwa na mtu, sikukuu au si sikukuu. Njia ni juu ya matuta, upana wa mguu mmoja. Mume wangu alitangulia akininyooshea mkono kila penye utelezi, mimi nimevua viatu na kupandisha nguo kidogo, na tope lilikuwa la vuguvugu juu na baridi chini. Yangeyange weupe walikuwa wanatembea nyuma ya wapaliliaji. Mto wenyewe unakwenda kimya kando ya majani marefu, unaonekana kidogo, unajificha, unaonekana tena. Tuliufuata kiasi cha saa nzima.

Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia akanyoosha mgongo kutupokea.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wanangu. Mmepotea?”

Nikamwambia tunatembea tu, tunaangalia mto. Akacheka kwa furaha, akatuonesha kwa jembe mwendo wa maji tangu yanakoingia kwenye vijaruba hadi yanakotoka. Alipokuwa msichana, alisema, palikuwa na kambare na watu wakivua kwa madema, na ukingoni palikuwa na miti mikubwa ya kivuli. Nikamuuliza mito yetu inaishia wapi, maana upande wa mashariki sijaona mto ukiingia baharini. “Inamezwa,” akasema. “Ikifika kwenye mawe inamezwa.” Na ndivyo ilivyo. Upande wa magharibi wa kisiwa una udongo mzito na vilima, ndiko kwenye mabonde na mito. Ukienda mashariki ardhi inageuka kuwa mawe ya matumbawe yaliyojaa vitundu na mapango. Vijito vingi vya Unguja vikifika hapo hudidimia vikatembea chini kwa chini. Ndiyo maana huko Paje na Jambiani watu wameishi karne kwa karne bila ya kijito hata kimoja juu ya ardhi, wakiteka maji mapangoni na kwenye visima.

Tulipokaribia njia kuu nikaona kitu kilichonichoma. Kuna msingi wa nyumba umechimbwa karibu kabisa na maji, matofali yamepangwa, na ng'ambo yake jalala la nepi na chupa za plastiki, linasubiri mvua ilisukume. Sitaki kumlaumu anayetafuta pa kuweka watoto wake, viwanja vimekuwa ghali na mji umetapakaa. Lakini yule bibi pale chini anaukamua mpunga wake kutoka maji haya haya, na sisi mjini tunayanywa yanayotoka kwenye ardhi hii hii. Mume wangu alivua kofia akajipangusa. “Hii nayo itaitwa Kijito fulani,” akasema, “na kijito hakipo.” Aliposema hivyo niliona macho yake.

Kisha mvua ikaja. Ya masika haibishi hodi. Tulikimbilia dukani, tukapanda Vespa tukidhani tutaiwahi, na hatukufika mbali ikakohoa mara mbili ikafa. Maji yameingia kwenye plagi. Mume wangu akasukuma, mimi nikasukuma nyuma, baibui limeganda mwilini, tunacheka kama watoto waliotoroka chuoni. Nyumba ya kwanza yenye baraza mama mmoja alituita kwa mkono kabla hatujaomba. Alinipa kanga kavu na doti nyingine ya kujifunika, akamkokea mume wangu mkaa ili akaushe plagi, akatuletea chai ya mchaichai inayofuka na muhogo wa nazi. Jina la mwenyeji wangu nilikuja kulijua tulipokuwa tunaagana. Nilipomwambia hatuna cha kumlipa akanijibu, “Sikukuu hii, mwanangu, nani anauza chai?”

Plagi ilikauka isha inakaribia.

Sikukuu nne

Mwili unauma, na mume wangu ana mafua. Nilimwambia tupumzike, akakataa. Alitaka tuyaone hayo maji yaliyomezwa.

Tukaenda Mangapwani, kaskazini ya Bububu, safari hii kwa gari ya shamba, kwani Vespa ilikwisha kufanya kazi yake. Kuna sehemu mbili pale ambazo watu huzichanganya. Ya pwani ni chumba cha chini ya ardhi kilichochimbwa kwenye jiwe, ambacho kilitumika kuficha watumwa baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara hiyo baharini na kufunga soko la mjini. Tuliteremka ngazi zake. Nilisoma Fatiha. Nikapanda, na hapo sitaki kupaeleza zaidi.

Pango lenyewe ni jengine, la maumbile. Hadithi yake kila mtu wa huko anayo: kijana mtumwa alikuwa akichunga mbuzi, mmoja akapotea, akamsikia akilia kutoka ardhini. Alipofuata sauti akakuta shimo, na chini ya shimo maji matamu. Kuanzia siku hiyo watu wa shamba wakapata pa kuteka.

Unashuka ngazi, na kila ngazi hewa inazidi kuwa nzito na baridi. Mizizi ya miti imepenya paa la pango ikaning'inia kama kamba za mashua. Mtembezaji alimulika tochi, kisha nikamwomba aizime kidogo. Basi tukasikia. Tone moja. Kimya. Tone jengine, mahali pengine. Macho yalipozoea nikaliona dimbwi, jeusi na tulivu, na duara dogo linafunguka juu yake kila tone linapoanguka. Kando ya jiwe palikuwa na majivu ya ubani na kichupa cha marashi, wapo wanaokuja kuomba hapa, nami sikugusa.

Mume wangu aliingiza mkono majini mpaka kiwiko. “Baridi,” akasema, kwa sauti ya mafua. “Njoo.” Nikakunja mkono wa baibui nikauingiza kando ya wake. Nilimfikiria yule bibi wa Mwera na jembe lake. Mto wake pengine una njia nyingine kabisa ya chini kwa chini, lakini mbele yangu palikuwa na mvua ya kisiwa hiki imekaa gizani, safi, haina haraka.

Tulipitia kwa mama mkwe kuwachukua watoto. Wamenenepa kwa halua. Mkubwa akauliza tulikwenda wapi siku zote hizo, na baba yake akamwambia, “Kuangalia maji.” Mtoto akamtazama. “Maji gani?”

Nyumbani mfereji ulikuwa mkavu, siku ya tatu leo. Kwetu hutoka usiku, ukipenda kwake, kwa hiyo nimepanga ndoo, madumu na lile pipa la buluu tayari chini ya mfereji na kuuacha wazi. Nilimkokea mume wangu jiko, nikatia maji yaliyobaki sufuriani pamoja na majani ya mdalasini tuliyoyachukua Kidichi, nikamchanganyia ndoo ya kuoga. Alikaa muda mrefu bafuni. Mvuke ulikuwa unatoka juu ya mlango.

Sasa ni saa tano na nusu za usiku. Wote wamelala, naandika haya jikoni chini ya mabati mapya. Nimeanza kusikia hewa inasukumwa ndani ya bomba ukutani, inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Bu. Bu, bu. Naenda kumwamsha tukinge.